Kwa Hadija, Uliyesema Unatoka Bwiza

Hadija, mdogo wangu,

Sikuulizi habari za afya. Ninajua ulipo, na kila Ijumaa Baba akitoka msikitini anapita kukusalimia, kisha anarudi nyumbani na udongo mwekundu kwenye viatu. Ninakuandikia kwa sababu Jumatatu watamsimamisha Papa Dieudonné mbele ya majaji. Wanasema yeye ndiye aliyekuiba Jumanne ile na kukuua siku hiyohiyo. Wakimtia hatiani, hukumu yake inaweza kuwa kifo. Mimi ninajua kwamba Alhamisi ulikuwa bado hai. Leo ni Jumatano, na sijamwambia mtu yeyote, hata Mama.

Barua hii sitaitia kwenye bahasha. Nataka isomwe na watu, maana yuko mtu aliyekuona katika siku zile na labda hajui kwamba aliyemwona ni wewe. Kosa hilo si lake. Ni langu, na ninaanza nalo.

Unakumbuka siku niliyorudi kutoka shuleni bila begi? Niliwaambia wazazi kwamba nimelisahau darasani. Wewe hukuniamini, kwa sababu sijawahi kusahau hata kalamu. Vijana walikuwa wamefunga barabara kwa matairi, nikasimamishwa. Waliniuliza jina, nikasema. Waliniuliza mtaa, nikasema. Waliniuliza Mama ametoka mlima gani, maana kwa mlima wanajua kabila la mtu, nikataja mlima wenyewe, kwa sababu nimefundishwa kusema kweli kwa mkubwa. Mmoja wao akanishika mkono. Mwenzake akasema, "Muache huyo, ni wa Buyenzi. Hawa ni Waswahili tu." Wakachukua begi, wakaniacha. Ningekuwa peke yangu na yule wa kwanza, labda jina la mtaa lisingeniokoa.

Juma hilohilo nikakutungia somo la majibu ya uongo, ili mtu wa barabarani asijue wewe ni wa nani. Tulisimama nyuma ya nyumba, pale Mama anapoanika nguo, mimi nikajifanya mtu wa barabarani.

"We mutoto, unaitwa nani?"

"Hadija."

"Apana. Njiani unaitwa Mariamu. Unakaa wapi?"

"Buyenzi."

"Apana! Bwiza, karibu na soko. Baba yako anafanya kazi gani?"

"Fundi wa magari."

"Mushonaji, Hadija. Mushonaji. Na mama yako?"

"Yuko jikoni, anakaanga ndagala. Si unasikia harufu ya samaki?"

"Njiani, mama yako amekufa."

Ulinitazama kwa hasira, mikono kiunoni, mtoto wa miaka minane kama mwenye nyumba. "Mama hajakufa."

"Ni ya njiani tu. Mutu akisikia mama amekufa, hamuulizi tena ametoka mulima gani."

"Na nikiisema sana, hatakufa kweli?"

"Hatakufa."

"Basi na we umekufa?"

"Mi niko. Ni Mama tu."

Ukafikiri kidogo. "Afadhali ungekufa we," ukasema, nikakukimbiza mpaka kwenye bomba la maji.

Nilikuwa wa kwanza darasani muhula ule, na mpango wangu niliuona mzuri kuliko hesabu yoyote niliyopata kuifanya. Nilichagua Bwiza kwa sababu ni ng'ambo tu ya barabara. Mtu akikupeleka pale sokoni, wewe mwenyewe ungefika nyumbani kabla jasho halijakauka. Nilikujaribu kila siku. Siku moja nilimtuma msichana wa shule yetu usiyemjua akuulize njiani, nawe ukamjibu yote manne bila kupepesa jicho: Mariamu, Bwiza, mshonaji, amekufa. Nilikununulia muwa mzima. Tulikubaliana Mama asijue, maana ni nani angependa kusikia kwamba wanawe wamemzika ili wapite barabarani?

Sasa Jumanne. Ulitoka shuleni saa sita na nusu. Mwanafunzi mwenzako alisema alikuona ukipanda kamioneti nyeupe, pikapu, karibu na ukuta wa shule. Dereva hakumwona. Ilikuwa wakati wa embargo, nchi imewekewa vikwazo, petroli ilikuwa inatafutwa kama dawa, na magari yaliyokuwa yakitembea mtaani kwetu siku hizo yalihesabika. Ndiyo maana watu walikumbuka mara moja kwamba Papa Dieudonné alikuwa ametoka gereji kwa Baba saa hizohizo, na kamioneti nyeupe ya mteja, kujaribu breki. Alikawia saa mbili.

Papa Dieudonné, Hadija. Yule aliyekukalisha juu ya matairi na kukuita Madame la Directrice, mkurugenzi wa gereji. "Madame la Directrice, leo mshahara wetu unatoka lini?" alikuwa akikuuliza, nawe unamjibu, "Fanya kazi kwanza." Alikuja kutoka Uvira, ng'ambo ya mpaka, na mkewe, Mama Furaha, na mtoto wao, hawana hata sufuria, na Baba akampa kazi na chumba nyuma ya ukuta wetu. Wapelelezi walimuuliza zile saa mbili alikuwa wapi. Alisema alikwenda ufukweni kutafuta petroli ya magendo. Walimuuliza ya nani. Hakutaja. Jumatano asubuhi, kabla ya chai, walimchukua. Jumamosi wanajeshi wakakukuta wewe bondeni, chini ya Gasenyi, mbali na kwetu. Na baada ya siku tatu kule ndani, Papa Dieudonné akasaini karatasi kwamba alikuua Jumanne.

Mwalimu wetu wa Kifaransa anatufundisha kugawa ukurasa katikati: upande huu tunayoyajua, upande ule tunayoyadhani. Nilifanya hivyo kwenye daftari kwa ajili yako. Upande wa tunayoyadhani ulijaa upesi.

Mtaani wengi walidhani ni yeye, na hoja yao kubwa ilikuwa kwamba si mtu wa hapa. Wengine walisema gari safi kama lile, lenye petroli, halitoki Buyenzi, lilitoka Kiriri kwa wakubwa, na ndiyo maana hakuna atakayelitafuta. Jirani mmoja alinong'ona kwamba ni kisasi, kwa sababu Baba alitengeneza gari la watu fulani na kukataa la wengine. Nilimuuliza Baba. Akasema, "Mi natengeneza gari, siulizi liko upande gani." Wako waliosema ulichukuliwa kwa ajili ya dawa za waganga. Hiyo nilikataa kuiandika. Na shangazi alisema labda ulikwenda kwa mguu wako mwenyewe kumtafuta rafiki yako aliyehamia Gihosha. Nilikaa na wazo hilo muda mrefu, kwa sababu ulikuwa mtu wa kuthubutu. Lakini viatu vyako havikuonekana popote, na wewe ulivipenda viatu vile hata ulikuwa unavivua ukiona tope.

Kwenye upande wa tunayoyajua palikuwa na mistari mitatu tu. Hakuna aliyeleta ujumbe wa kudai chochote. Hakuna aliyekuona baada ya Jumanne. Na Papa Dieudonné amesaini.

Mstari wa pili niliufuta majuma matatu yaliyopita.

Nilikwenda Gasenyi na wanafunzi wenzangu, kwa Goreti tunayekaa naye dawati moja. Kwao walikuwa wanaondoa matanga ya babu yake. Wanaume walikuwa uani na vinywaji vyao, sisi wasichana tulikaa na akina mama tukimenya ndizi. Kulikuwa na mama mmoja, muuza maziwa, mjane mnene mcheshi, wanamwita Mama Perpetua. Alikuwa akisimulia kwa Kirundi, kisha akatuona watoto wa mjini, akageukia Kiswahili ili tucheke naye.

"Watoto ya siku hizi wanajua kudanganya kuliko mawaziri," alisema. "Mi nilikuwa natoka misa ya Kupaa, niko na nguo yangu ya kanisa, natembea polepole juu ya viatu vipya. Namuona mutoto mumoja kwenye kivuli ya ukuta. Hana viatu. Nikitembea, anatembea. Nikisimama, anasimama. Namuuliza, we mutoto, unanifuata kwa nini? Anasema, mama, niko na kiu."

"Ukamupa?" aliuliza mwenzake.

"Si ndiyo kazi yangu? Nikamupa maziwa. Nikamuuliza, unaitwa nani? Jamani, akasimama wima kama askari mbele ya mukubwa wake. Naitwa Mariamu. Ninakaa Bwiza, karibu na soko. Baba yangu mushonaji. Mama yangu amekufa."

Akina mama walicheka jinsi alivyoiga sauti yako. Aliiga vizuri, Hadija. Kisu kilinitoka mkononi.

"Nikasema, maskini, yatima. Nikamutafutia lifti. Akapita bwana mumoja na gari ndogo ya bluu, mutu ya heshima, vitabu vimejaa kwenye kiti ya mbele. Akasema, mi nateremuka Bwiza, mama, nitamufikisha. Nikarudi nyumbani nimefurahi. Halafu nikajiambia, huyo mushonaji si atanishonea nguo kwa bei nzuri? Bwiza yote nimezunguka! Hakuna mushonaji mwenye mutoto Mariamu. Kitambaa yangu iko sandukuni mpaka leo!"

Walicheka tena. Niliuliza, na sauti yangu niliisikia kama ya mtu mwingine, "Mama, hiyo Kupaa ilikuwa ya mwaka huu?"

"Ya mwaka huu. Kesho yake risasi zikaanza huku juu, nikakimbilia kwa kaka yangu Muyinga, miezi miwili. Hata maziwa yangu niliyaacha yanachacha."

"Na kama yule mtoto angesema anatoka Buyenzi?"

"Buyenzi? Ningemupeleka mwenyewe kwa mukono. Buyenzi ni kazi rahisi. Mutoto aliyepotea unamupeleka musikitini, wanamutangaza, mama yake anakuja mbio bila viatu."

Nikatoka nje, nikaegemea ukuta.

Kupaa kwa Bwana huwa Alhamisi. Hata sisi Waislamu tunaijua, kwa sababu hatuendi shule. Papa Dieudonné alikuwa ameshafungwa tangu Jumatano. Kwa hiyo karatasi aliyosaini si kweli, na ninayeweza kuthibitisha hivyo ni mimi peke yangu. Mama Perpetua alisikia habari za Hadija wa Buyenzi, mwenye mama anayelia redioni. Hakuwahi kumfananisha na Mariamu wa Bwiza, yatima. Habari hizo mbili zilikuwa zikitembea katika mji mmoja miezi mitano, na mtu pekee aliyeweza kuzikutanisha alikuwa anafanya hesabu zake za shule.

Kwa nini nimenyamaza majuma matatu? Kwa sababu nikisema, Mama atajua kwamba ulimkana, na kwamba ulimkana kwa ufundi wangu. Atajua kwamba kwa neno moja la kweli ungetangazwa msikitini Alhamisi adhuhuri. Na bado, kila asubuhi bombani ninawasikia wanawake wakimwambia Mama Furaha, "Chota haraka, muke wa muuaji, usituchafulie maji." Anachota, anajitwika ndoo. Unga wake wa muhogo hakuna anayenunua. Leo alinipisha nichote kwanza. Nilichota, Hadija. Nilichota na kuondoka.

Ninaweka kalamu. Ama nimwambie Mama kesho, ama sitamwambia kamwe.

*

Nimemwambia.

Alikuwa anachambua maharagwe kwenye ungo. Nilisimama mbele yake kama ninavyosimama kusoma somo, nikasema yote bila kupumzika: somo letu, muwa, Mama Perpetua, gari la bluu. Nilipofika sehemu inayomhusu yeye mkono wake ulisimama, kisha ukaendelea kutoa mawe.

"Uliniua, Zaituni?"

"Njiani tu, Mama."

Akatoa jiwe moja, la pili. Nilingoja anipige. Afadhali angenipiga.

"Huyo mama wa maziwa," akauliza, "Hadija alimfuata yeye, au yeye alimwita?"

"Alimfuata. Kimyakimya, mpaka akaulizwa."

"Alikuwa anatembea polepole? Amevaa vizuri?"

"Ametoka kanisani, Mama."

Akaweka ungo chini. "Ni mi nilimwambia hivyo," alisema. "Ukipotea, usiende kwa mwanaume, hata kama amevaa kofia ya msikiti. Tafuta mwanamke aliyevaa vizuri, asiye na haraka, umfuate mpaka akuulize. Sikukwambia wewe, ungesema ni mambo ya kizee."

 Kumbe na yeye alikuwa na somo lake nyuma ya nyumba.

"Alitoroka," Mama akasema polepole. "Walikomweka, alitoka mwenyewe. Akanisikiliza mi, akakusikiliza na we. Alitusikiliza wote wawili."

Kisha akalia, kwa mara ya kwanza bila kufunika uso. Alipomaliza alinyanyuka, akatoka kama alivyo, akaingia kwa Mama Furaha ambako hakukanyaga miezi mitano. Nyuma ya ukuta nilisikia debe likianguka, halafu sauti za wanawake wawili zikizungumza kwa pamoja, hakuna anayemngoja mwenzake.

Baba ilikuwa kazi nyingine. "Alisaini," alisema. "Kwa mukono wake."

"Baada ya siku tatu," Mama akamjibu. "We ungesaini siku ya pili."

Baba akaenda gereji, na kazi haikuwepo. Alirudi saa ya kula, hakula. "Jumatatu tunakwenda wote," akasema.

Ijumaa tukapanda Gasenyi, mimi na Mama. Mama Perpetua aliposikia, alikaa chini mchangani, akanyoosha miguu kama aliyefiwa. "Na mi nimecheka," alisema. "Kila matanga nimecheka." Halafu hofu ikamjia, nikaiona ikija. "Yule bwana anaijua sura yangu. Nikisema mbele ya majaji, naye atasikia kwamba nimesema. Mi ni mujane, mama. Nyumba yangu iko barabarani."

Nilifungua mdomo nimsihi. Mama akanizuia.

"Sikuja kukulazimisha," alimwambia. "Nimekuja kukuuliza alikunywa vikombe vingapi."

"Viwili. Alitaka ya tatu, nikamwambia tumbo itauma."

Mama akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepewa alichokifuata, akashukuru, tukateremka.

*

Nimeiacha barua hii zaidi ya miezi mitatu. Ninaimalizia sasa.

Jumatatu ile Mama Perpetua alikuja. Tulimkuta ameshafika, amekaa benchi la mbele na nguo yake ya kanisa, mkoba juu ya magoti, hatazami kushoto wala kulia. Papa Dieudonné aliletwa amekonda, shingo imekuwa ndogo ndani ya shati. Jaji aliposikia kwamba kuna maneno ambayo ni mimi tu niliyekufundisha, alinitoa nje, mlango ukafungwa, akamwambia Mama Perpetua ayaseme. Kisha akaniita mimi niyaseme. Niliyasema yote manne. Karani aliacha kuandika, akamtazama jaji.

"Mama mzazi wa mtoto yuko hapa?" jaji aliuliza.

Mama akasimama. "Ni mimi, bwana jaji. Ni mimi yule aliyekufa."



Hawakumwachilia siku hiyo. Mwendesha mashtaka alisema labda alikuteka yeye Jumanne na kuwaachia wenzake, na kusema haki, hilo siwezi kulikanusha kwa maneno yako manne. Lakini ile karatasi haikusomwa tena. Aliyemuuzia petroli aliposikia kwamba ni suala la shingo ya mtu alijitokeza mwenyewe, akasema saa na mahali. Baada ya majuma tisa Papa Dieudonné alirudi. Alisimama mlangoni mwa gereji, hakuingia.

"Patron," alisema, "nimekuja kuchukua spana zangu."

Baba alikuwa chini ya gari. Alikaa huko muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji. Alipotoka alifuta mikono, akafuta tena, akamletea mfuko wa spana, zote zimepakwa mafuta zisishike kutu. Hakuomba radhi. 

"Ile Toyota ya mwalimu," Papa Dieudonné akauliza, macho kwenye mfuko, "bado inakohoa?"

"Bado."

"Uliigusa kabureta?"

"Niliigusa."

"Ndiyo maana inakohoa."

Wakainamia injini. Sijui kama ni msamaha. Ni kazi, na wanaifanya pamoja, na Mama Furaha sasa anachota maji kwa zamu yake. Wanawake wawili bado wanamgeuzia mgongo. Hata waonyeshwe jua, watasema ni taa.

Lakini wewe, Hadija, bado hujapata jibu. Ukurasa wa tunayoyajua umeongezeka mistari, na kila mstari umezaa swali. Jumanne mpaka Alhamisi ulikuwa katika nyumba ya nani, na viatu vyako vilibaki kwa nani? Yule wa kamioneti na huyu wa gari la bluu ni watu wawili wasiojuana, au mmoja alikuwa akikutafuta kwa niaba ya mwingine? Swali linaloniamsha ni hili. Kama bwana wa vitabu angekufikisha sokoni Bwiza, ungevuka barabara na kuwa nyumbani. Hukufika. Ulikutwa karibu na pale ulipopanda. Inawezekana alikuwa mtu mwema, akakuta barabara imefungwa, akakushusha njiani na kukuonyesha njia, na akaogopa kusema baadaye. Siku hizo barabara zilifungwa bila taarifa. Kama ni hivyo, na kama anasoma barua hii, aje aseme alikushusha wapi. Sitamwita muuaji kabla hajafungua mdomo. Nimeona jinsi hilo linavyofanyika, na jinsi lilivyo rahisi.

Mimi na Mama Perpetua tuna kazi yetu. Jumapili misa ikiisha, ninapanda Gasenyi, tunasimama pale pale kando ya ukuta na kopo la maziwa kama tunauza, na yeye anatazama madereva wanaoteremka. Mama anajua. Ameniambia nisimame upande wa ukuta, nisisimame upande wa barabara. Kila gari dogo likija, kila uso ninaouona kwenye kioo ninaona unaweza kuwa ndio, hata wa padri. Ndiyo maana anayetazama ni yeye. Mimi ninamtazama yeye.

Jumapili iliyopita gari la bluu lilipunguza mwendo. Kwenye kiti cha mbele palikuwa na karatasi na madaftari. Mama Perpetua akanishika mkono, akaubana mpaka pete yake ikaniuma. Gari likasimama. Dereva akainama dirishani, mtu wa makamo, mwenye miwani.

"Mama, munateremuka? Niko na nafasi."

Alimtazama.  Alitazama paji la uso, akatazama mdomo, akatazama mikono yake kwenye usukani. Yule mtu akaanza kuona haya.

"Apana, bwana," Mama Perpetua alisema mwishoni, akauachia mkono wangu. "Wende salama. Sisi tunangoja mutu."

Lala, mdogo wangu.

Dada yako,
Zaituni